Chai ya Yunnan katika Buli la Dzaleka

Hakuna askari asiyeijua chai ya kambini. Huchemshwa katika sufuria ambalo lingetosha kumwogeshea mtoto, majani hutiwa humo kwa kiganja bila kupimwa, sukari hufuata, na moto huachwa uendelee mpaka zamu ya mwisho ya walinzi irudi. Chai hiyo ina kazi yake, nami sithubutu kuisema vibaya, kwa kuwa imenivusha usiku mwingi wa baridi. Lakini iko chai nyingine ambayo mtu akiitendea hivyo huwa ameiua kabisa. Naandika kwa uhakika, kwani mimi niliwahi kuiua, tena jirani tu na mwenye nayo.

Mwaka 2022 nilikuwa Lilongwe, nikafikia kwa sajini mmoja wa Jeshi la Ulinzi la Malawi ambaye nyumba yake iko Area 49. Tulijuana Beni, mashariki ya Kongo, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Wasomaji wa ukurasa huu wanalikumbuka jina la Chancy Chitete, askari wa Malawi aliyeuawa Novemba 2018 karibu na Beni alipokuwa akijitahidi kumwokoa mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa. Baada ya jambo kama hilo askari wa nchi hizi mbili hawaulizani kama nafasi ya kulala ipo.

Jirani wa sajini alikuwa mzee wa Uvira, fundi cherehani, mkimbizi wa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na jioni ya kwanza alipokisikia cha kwetu kikipita juu ya ua alitutumia salamu na kipakiti cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na majani ya chai marefu, yaliyosokotwa kama nyuzi, meusi, na katikati yake nyuzi nyingine za rangi ya dhahabu. Mchina mmoja mwenye duka, ambaye mzee alimshonea mapazia, alimwachia kopo zima alipokuwa akirejea kwao, na kabla ya kuondoka akamfundisha namna ya kuitayarisha.

Mimi sikungoja kufundishwa. Nilichukua sufuria, nikatia maziwa na maji nusu kwa nusu, tangawizi, sukari vijiko sita, na kipakiti chote. Nikachemsha robo saa. Kilichopatikana kilikuwa maziwa yenye rangi ya vumbi na ukakasi ulioshika meno. Asubuhi nilimwambia mzee, kwa adabu zote, kwamba chai yake haikuwa na nguvu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, umeipika kama maharage."

Ili ieleweke kosa lilikuwa wapi, yafaa kueleza kwanza chai tuliyoizoea imetokana na nini. Malawi ni miongoni mwa nchi za mwanzo kulima chai ya biashara katika Afrika. Mmea wenyewe uliota katika Misheni ya Blantyre mnamo mwaka 1886, na mwaka 1891 mlowezi Henry Brown, aliyekuwa amelima kahawa Ceylon, akaanzisha shamba chini ya mlima Mulanje. Leo sehemu kubwa ya chai ya Mulanje na Thyolo, kama ile ya Rungwe, Mufindi na Kericho, hupitishwa katika mashine zenye meno ambazo huyaponda majani, huyachana na kuyaviringa kuwa chembechembe. Mashine za namna hiyo zilianza Assam, India, mwaka 1930. Chembechembe hutoa rangi upesi na kwa ukali, ndiyo maana huyastahimili maziwa na sukari, na ndiyo maana hata mpishi mvivu hawezi kuiharibu sana.

Chai ya mzee haikupita katika meno hayo. Jani huchumwa changa, hunyaushwa, huviringishwa taratibu bila kukatwakatwa, huachwa lichache kwa hewa mpaka ligeuke rangi, kisha hukaushwa. Nguvu yake imefungwa ndani ya jani lililo zima, na hutoka kidogo kidogo. Ukilichemsha kwa fujo, ule uchungu unaokausha ulimi hutoka wote kwa pamoja, na harufu, ambayo ndiyo thamani yake, hutoroka na mvuke.

Wachina wenyewe hawaiiti chai nyeusi. Huiita "hong cha", yaani chai nyekundu, kwa kuwa wao huitazama rangi ya maji kikombeni, na siyo rangi ya jani kavu. Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi, ambao chai isiyo na maziwa tunaiita chai ya rangi, na watu wa pwani wakaipa jina la mkandaa, ule mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Hata neno "chai" lenyewe limetoka kwao, likapita kwa Waajemi na Wahindi kabla ya kutufikia.

Kopo la mzee lilikuwa limeandikwa Yunnan, jimbo la kusini magharibi ya China, na historia ya chai hiyo inamhusu askari zaidi ya anavyoweza kudhani. Kabla ya vita, chai nyekundu ya China iliyosifika katika masoko ya nje ilitoka majimbo ya mashariki, hususan Qimen katika Anhui. Mwaka 1937 majeshi ya Japani yalipovamia, majimbo hayo yakawa katika hatari, wakati taifa lilihitaji fedha za kigeni kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1938 mtaalamu wa chai Feng Shaoqiu alipelekwa Yunnan, mbali na mapigano, akafika wilaya ambayo leo huitwa Fengqing, akajaribu kutengeneza chai nyekundu kwa majani makubwa ya miti ya huko. Mwaka uliofuata chai hiyo ilianza kusafirishwa nje. Inaitwa Dianhong, kwa kuwa Dian ni jina la kale la Yunnan. Na miti hiyo ya majani makubwa ni ya jamii moja na ile ya Assam, ambayo ndiyo imepandwa katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mzee wa Uvira alikuwa akinywa ndugu wa chai ya Mufindi, ila aliyelelewa kwa namna nyingine.

Jioni ile ya pili alinionyesha. Alipima majani kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, takriban gramu tano kwa kuwa majani hayo ni mepesi, akayatia katika buli dogo la udongo lisilozidi kikombe kimoja cha kawaida. Maji yalipochemka aliyamimina hapo hapo. Nilimwuliza kama hayakupaswa kupoa kidogo, kwa maana nilikuwa nimesikia kwamba chai yenye machipukizi ya dhahabu hupenda maji yasiyofikia nyuzi mia. Akasema Mchina wake alikuwa akisubiri, lakini yeye ameona hapa hakuna haja. Nilipofanya hesabu baadaye nikamkuta ana haki. Lilongwe iko mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji hupungukiwa takriban nyuzi moja ya kuchemka kwa kila mita 300 za kupanda. Hapo huchemka kwenye nyuzi 96 au 97. Mbeya ni kama 94. Askari aliyeko Dar es Salaam au Mtwara ndiye anayepaswa kufunua birika na kuhesabu dakika mbili.

Hakuyaacha majani yalale. Alihesabu polepole mpaka kumi na tano, akamimina yote katika vikombe vidogo, tone la mwisho likiwa ndani. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwani maji yakibaki juu ya majani huendelea kuvuta uchungu hata kama umeketi mezani unazungumza. Asiye na buli dogo atumie kikombe kikubwa, majani kijiko kidogo kimoja kilichojaa, dakika tatu au nne, kisha achuje.

Namna ya kuonja nayo ilinipa taabu. Mzee alinitaka nifyonze kwa sauti, chai na hewa pamoja, jambo ambalo nilipokuwa mdogo lilinipatia kofi. Lakini ndivyo wafanyavyo hata waonjaji wa mnada wa Mombasa, kwani hewa hupeleka harufu nyuma ya pua, na bila pua ulimi haujui mengi. Nilifyonza. Kwanza nilipata ladha ya kiazi kitamu kilichochomwa, ile sehemu ya ganda iliyoungua kidogo na kutoa asali. Kisha kitu kama kakao. Ukakasi ulikuwepo, lakini ulipita kwenye ulimi ukaenda zake. Sukari haikuwepo, nami sikuikumbuka mpaka kikombe cha tatu.

(Waonjaji wa kazi wana utaratibu mkali zaidi unaotambuliwa kimataifa: gramu mbili kwa kila mililita mia za maji yanayochemka, dakika sita kamili. Hawafanyi hivyo kwa kuitafuta chai tamu. Wanaitesa makusudi ili ila zake zote zijitokeze, kama tufanyavyo sisi siku ya ukaguzi.)

Nilirudi Lilongwe mwaka 2024, na nyumba ya jirani ilikuwa na wapangaji wengine. Mwezi Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee Dzaleka, na mwezi Mei polisi na wanajeshi wakaanza kulitekeleza agizo hilo mjini. Mzee na watu wake waliondoka siku moja, pamoja na cherehani. Kopo la chai lilisahauliwa juu ya rafu. Mke wa sajini alilichukua, akaliweka kabatini kwake. Sajini hakuniambia alikuwa wapi siku hiyo, nami sikumwuliza. Alisema tu, "Achimwene, kesho twende tukamrudishie mali yake."

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na ushei kutoka mjini kwa barabara ya kaskazini. Enzi ya Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza ambamo wafungwa wa siasa walitiwa, na tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili, na sasa ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao wakiwa wa Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili unakisikia tangu sokoni. Tulienda kwa nguo za kiraia. Hata hivyo watoto walitutambua kwa viatu, wakanyamaza tulipopita.

Mzee alikuwa barazani na cherehani yake. Alilipokea kopo kwa mikono miwili, akalifungua, akanusa, na uso wake ukabadilika. Majani ya chai hunyonya kila harufu iliyo karibu, na kabati la mke wa sajini lilikuwa pia la sabuni ya kufulia. Kifuniko kilikuwa kimelegea kidogo. Sajini alinusa naye, akainamisha kichwa. Nadhani katika miaka yake yote ya jeshi sijapata kumwona akiaibika namna ile.

Mzee hakusema neno juu ya sabuni. Alimtuma mjukuu kuleta maji ya kisimani, yaliyokingwa tangu jana na kutulia katika ndoo, akawasha mkaa, akangoja moshi uishe wote kabla ya kuweka birika, kwa sababu moshi nao huingia. Buli la udongo lilivunjika safarini. Alitumia kikombe cha bati chenye mfuniko. Maji ya kwanza aliyamwaga chini baada ya kuhesabu mpaka tano. Ya pili akatuonjesha, na sabuni ilikuwa bado ipo, mbali, kama mtu aliyesimama mlangoni. Ya tatu ilikuja na kile kiazi kitamu chote, na nilimwona sajini akiinua kichwa.

Majani mazuri ya namna hii huvumilia maji mara tano, sita, kila mara yakiachwa kwa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyotangulia, na mahali ambapo mkaa hununuliwa kwa vipimo vya kopo na maji hupangiwa foleni, hilo si jambo dogo. Gramu tano zilitutosha sisi watatu, mama wa nyumba, na jirani mmoja Mrundi aliyeivuta harufu kutoka ng'ambo ya njia. Maji ya sita, ambayo yalikuwa na rangi ya nyasi kavu na utamu mdogo mwishoni, walipewa wajukuu.

Tulipoaga, mzee alitandaza gazeti, akamimina nusu ya majani, akayafunga vizuri. Kopo na nusu iliyobaki alimrudishia sajini. Alieleza kwamba chumba chake kina mkaa, mafuta ya taa na watu sita, na chai ingeharibika, hivyo ni afadhali sehemu ikae Area 49, naye ataiagiza atakapoihitaji. Sajini alitaka kukataa, akashindwa. Kopo hilo lipo kwake mpaka leo, kifuniko kimefungwa kwa utepe, katika kabati la vikombe, na sabuni imehamishiwa bafuni.