Kumficha mtoto mmoja: gharama yake kwa magunia ya Ufipa

Gunia la mahindi ni kilo 100. Mkulima wa Ufipa anaujua uzito wake mabegani. Kwa kipimo hicho tupige hesabu ya familia za vijijini, Rwanda na Uholanzi, zilizoficha watoto waliokuwa wakiwindwa.

Chakula

Mtoto wa miaka minane anahitaji takriban kalori 1,600 kwa siku, sawa na kilo 0.45 hivi ya unga wa dona. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mwaka 1994, yalidumu siku zipatazo 100. Hizo ni kilo 45, hata nusu gunia hazifiki.

Uholanzi kificho kilikuwa kirefu zaidi. Wanazi wa Ujerumani walianza kuwasafirisha Wayahudi kwenda kambi za mauaji Julai 1942. Nchi ikakombolewa Mei 1945. Ni siku kama 1,000: magunia manne na nusu, au gunia moja na nusu kwa msimu. Heka ikitoa magunia sita tu, mtoto huyo amekula robo ya mavuno.

Kadi na fedha

Kwa Waholanzi chakula kilitolewa kwa kadi ya mgawo, na mtoto aliyefichwa hakuwa na kadi. Wanafunzi wa mji wa Utrecht, waliowatafutia watoto wapatao 400 familia za kuwapokea, walipata fedha kwa kuuza shairi la Jan Campert lililochapwa kwa siri, gulden (fedha ya Uholanzi) 5 nakala moja. Aliyemsaliti Myahudi mwanzoni alilipwa gulden 7.50.

Hatari

Hapa ndipo penye bei yenyewe. Katika Poland iliyokaliwa na Wajerumani, kumficha Myahudi kulikuwa na adhabu ya kifo. Rwanda, mganga mjane Zura Karuhimbi aliwaficha watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto, chini ya kitanda, darini na katika shimo shambani. Wauaji walipofika alijipaka mitishamba inayowasha, akawagusa, akawatishia mizimu. Wakaogopa kuingia. Silaha yake ilikuwa hiyo tu.

Ukubwa

Wanazi waliua watoto wa Kiyahudi wapatao milioni 1.5. Uholanzi, kificho kiliwaokoa kama 4,000. Waholanzi waliotambuliwa na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Israeli, kwa kuwaokoa Wayahudi ni karibu 6,000, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 9: mmoja kati ya 1,500. Waokoaji wengine hawakuandikwa popote, lakini hata tukiwazidisha mara kumi, ni mmoja kati ya 150.

Hesabu inasema wazi: kilichoadimika si unga, bali milango iliyofunguliwa, pamoja na majirani walionyamaza. Rukwa, mkoa wetu wa Ufipa, unalisha mikoa mingine kwa mahindi. Siku mtoto anayekimbia kuuawa atakapopiga hodi kwetu, tusisingizie njaa.