Gusii, Nchi Isiyo na Lango

Basi la kutoka Nairobi likishapita Narok, Bomet na Sotik, abiria aliyekaa dirishani huona nchi ikibadilika ghafla. Huku Borabu, mwanzo wa Kaunti ya Nyamira, mashamba bado ni mapana na nyua zimenyooka, maana ilikuwa ardhi ya walowezi hadi ilipogawiwa Wakenya miaka ya 1960. Muda si muda, basi linapokaribia Keroka, kila kilima kimekatwa vipande vidogo vidogo: migomba, chai, mahindi, miparachichi, paa za mabati, kaburi la babu kando ya zizi la ng'ombe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa Kisii hao ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni wakulima.

Anayetaka kutembea Gusii, nchi ya Abagusii yenye kaunti hizo mbili, aanze na hesabu hiyo. Hakuna mbuga ya taifa katika kaunti hizi mbili, wala lango la kukatia tiketi. Magari ya watalii yanayotoka Maasai Mara kwenda Ziwa Victoria hupita Kisii mjini, yakakwama kwenye foleni ya barabara kuu, kisha yakaendelea. Na ni kweli kwamba kutoka barabarani hapaonekani pa kusimama. Karibu kila kinachofaa kuonwa kimo ndani ya shamba la mtu. Njia ya kwenda kwenye genge hupita uani kwa mtu, chimbo la mawe ni la familia fulani, na chemchemi ina mwenyewe. Mgeni anayejua kubisha hodi hufika pasipofikiwa na mwenye ramani nzuri simuni.

Hodi yenyewe ina taratibu zake. Asubuhi watu husalimiana kwa "bwakire". Mzee wa kiume ni omogaka na wa kike ni omong'ina, na yote mawili ni majina ya heshima ambayo mgeni anaweza kuyatumia bila kusita. Shikamoo ya msafiri kutoka Tanga au Lamu itaeleweka, ingawa si mazoea ya huku. Kuna pia chinsoni, kanuni za staha kati ya rika la wazazi na rika la watoto wao, ambazo huamua nani akae wapi na mzaha gani usitamkwe mbele ya nani. Mgeni hatarajiwi kuzijua zote. Akiepuka matani ya chumbani pale baba na mwana wanapokaa pamoja, na akingoja kuonyeshwa kiti, inatosha. Anayealikwa nyumbani kwa mtu abebe sukari na mkate. Akipewa mkungu wa ndizi wakati wa kuondoka, asiukatae hata kama hajui ataupakia wapi.

Kuhusu majira, Gusii ni nchi ya mvua. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na vilima vya Nyamira hupanda zaidi. Masika huanza Machi na hunyesha sana Aprili na Mei, kisha mvua nyingine huja kati ya Septemba na Novemba, lakini hata miezi ya katikati haikauki kabisa. Januari na Februari ndiyo afueni. La muhimu kuliko mwezi ni saa. Asubuhi huwa nyeupe, mchana mawingu hujikusanya kutoka upande wa ziwa, na alasiri ngurumo huanza. Radi ya Gusii si ya kuchezewa. Huua watu na mifugo. Kwa hiyo matembezi ya vilimani ni ya asubuhi, na mvua ikimkuta mtu njiani, aombe hifadhi ndani ya nyumba badala ya kusimama chini ya mkaratusi. Udongo mwekundu ukilowa huwa utelezi mtupu, na nauli ya bodaboda hupanda papo hapo. Afadhali bei ikubaliwe kabla ya kupanda.

Usafiri wa vijijini una jina moja: Probox. Gari hilo dogo la Toyota, lililoundwa kubebea mizigo ya ofisini, huku limekuwa matatu kamili. Watu wanne hubanana nyuma, wawili au watatu mbele, wengine hukunja magoti kwenye buti pamoja na magunia ya mboga, na si ajabu kumwona dereva akigawana kiti chake na abiria. Polisi huyajua yote hayo. Mwenye miguu mirefu au mwenye woga anaweza kulipia nafasi mbili, hakuna atakayenuna. Lakini usiku, katika ukungu na kona za barabara hizi, ni heri kulala Kisii, Keroka au Nyamira na kuondoka kukicha.

Kituo cha kwanza kwa wengi ni Tabaka, Mugirango Kusini, upande wa barabara ya Migori. Mawe ya Kisii yanayouzwa Nairobi, Mombasa na viwanja vya ndege hutoka hapa: viboko wadogo, bakuli, bao, na ile sanamu ya jamaa waliokumbatiana katika duara. Jiwe hili ni laini kwa sababu lina madini ya talki, yale yale ambayo husagwa kuwa poda ya watoto. Linachongeka kwa panga na kisu, na ugumu wake hutofautiana kwa chimbo na kwa rangi: jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu, na mengine yenye mishipa ya manjano au kahawia.

Kazi imegawanyika. Wachimbaji hushuka mashimoni kwa sururu na kupandisha mabonge. Wachongaji, wengi wao wanaume, huketi chini ya mti au kibanda cha mabati, miguu imejaa vumbi jeupe, wakikata umbo kwa makadirio ya jicho. Kisha sanamu huhamia kwa wanawake, ambao huisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, msasa mkali kwanza na mlaini baadaye, mpaka rangi halisi ya jiwe ijitokeze, kabla ya kupakwa nta. Huo usuguaji ndio unaochosha, na ndio unaolipwa kidogo. Anayenunua bila kuwaona wanawake hao hajui alicholipia.

Mnunuzi ana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, sanamu nyeusi, nyekundu au ya samawati kwa kawaida imepakwa rangi, na michoro yake imekwaruzwa juu ya rangi hiyo. Igeuze uone kitako. Bakuli la namna hiyo ni pambo, halifai kutiwa chakula. Pili, jiwe likipata ufa wakati wa kuchongwa, ufa huo huweza kufichwa kwa gundi na unga wa jiwe, basi pitisha kidole polepole mahali palipo pembamba, hasa shingo za twiga. Tatu, bei. Kupatana kunatarajiwa, lakini Tabaka bei ya kuanzia tayari iko chini ya ya Nairobi, na kumbana mchongaji hadi shilingi ya mwisho ni uchoyo, hata ukiitwa ujanja wa safari. Machimbo yasikaribiwe bila mwenyeji, na baada ya mvua kubwa yasikaribiwe kabisa, kwa kuwa kingo zake huporomoka.

Tabaka haikosi majina makubwa. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ana sanamu yake katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ni msanii wa kimataifa ambaye jiwe lake ni lile lile linalochongwa viboko wa shilingi mia chache.

Angalizo la kalenda: Jumamosi. Waadventista Wasabato ni wengi mno Gusii, na kilima cha Nyanchwa, hapo Kisii mjini, ni ngome yao ya zamani. Siku hiyo vibanda vingi hufungwa na wachongaji wengi huwa kanisani, kwa hiyo safari ya Tabaka au sokoni ipangwe katikati ya wiki. Masoko nayo yana siku zake kubwa, kila moja na zake, na makanga yeyote kwenye steji atazitaja. Daraja Mbili, soko la wazi la mjini Kisii, hufurika siku hizo kiasi cha watu kutembea kwa kusukumwa. Keroka ni kisa kingine. Mpaka wa kaunti mbili unapita mjini humo, na wafanyabiashara wake wamelalamika kwa miaka kwamba watoza ushuru huwajia kutoka pande zote mbili.

Ukisimama Kisii mjini na kutazama upande wa Nyamira, utaona ukuta mrefu wa mlima. Hilo ni genge la Manga, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo linalozidi yote Gusii. Bodaboda hufika juu, karibu na shule ya wasichana ya Manga. Kutoka hapo ni miguu, na ni lazima kuongozana na kijana wa mahali, maana vijia hupita mashambani na ukingo hauna kizuizi chochote. Asubuhi isiyo na ukungu, jicho hupita juu ya mji na migomba yake hadi kwenye ung'avu wa Ziwa Victoria. Chini ya ukingo kuna mapango. Maarufu zaidi ni Ngoro ya Mwaga, lenye visa vingi vya kale. Hayo aulizwe mzee, naye asiharakishwe.

Mji unaoonekana pale chini ulianzishwa na Waingereza mwaka 1907, na haukukaribishwa. Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere, aliyechochewa na nabii wa kike Moraa Ngiti, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Abagusii walilipa kwa nyumba kuchomwa na ng'ombe kunyang'anywa, na simulizi za huku husema kichwa cha Otenyo kilipelekwa Uingereza. Septemba 1914 Wajerumani waliovuka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani waliuteka mji huo kwa muda mfupi kabla ya kurudishwa nyuma na Waingereza. Mambo haya yana vibao vichache sana vya kuyaeleza, kwa hiyo inafaa kuyasoma kabla ya kupanda Manga.

Njaa ikiuma baada ya mteremko, hoteli ndogo za pembezoni mwa steji hushinda mikahawa yenye menyu ndefu. Agiza obokima, ugali wa wimbi, mzito na wa rangi ya udongo, pamoja na chinsaga, yaani mgagani, mboga chungu inayopikwa kwa muda mrefu na kulainishwa kwa maziwa. Uchungu wake huwashinda baadhi ya wageni mara ya kwanza. Rinagu, yaani mnavu, ni mpole kidogo. Ukiona amabere amaruranu, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, usiyapite. Matoke ya Kisii hayahitaji kusifiwa. Maparachichi hununuliwa kando ya barabara kwa bei ambayo mtu wa Nairobi huiuliza mara mbili.

Nyamira humfaa zaidi mtembezi. Barabara za chai, zile za vumbi zinazopitiwa na malori ya kukusanya majani, huzunguka vilima kwa mteremko wa wastani na hazina magari mengi. Asubuhi wachumaji huwa mashambani wakikata majani mawili na kichipukizi. Baadaye hukusanyika kwenye kituo cha kununulia, kibanda cha mbao chenye mizani, ambapo kila kilo huandikwa na kila kilo hubishaniwa. Hapo ndipo pa kusikiliza habari za kijiji. Lori huelekea kiwandani, Kebirigo, Sanganyi, Tombe au Nyansiongo kutegemea eneo. Kuingia kiwandani huhitaji ruhusa ya meneja iliyoombwa mapema, lakini harufu ya chai inayokaushwa hufika barabarani bila ruhusa.

Kisii mjini, wikendi ambayo Shabana wanacheza Uwanja wa Gusii, acha mipango mingine. Klabu hiyo, inayoitwa Tore Bobe na mashabiki, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje, na mji mzima bado unakata kiu ya miaka hiyo. Kwa wapenda muziki, kinachotafutwa ni obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayonguruma. Wapigaji wake ni wachache. Mmoja wao, Grandmaster Masese, amekipandisha kwenye majukwaa ya mashairi ya mijini, lakini vijijini husikika hasa kwenye sherehe, na njia ya kukipata ni kuuliza mapema.

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, mtu anaweza kukutana na kundi la wavulana waliotoka kutahiriwa, wakisindikizwa kwa wimbo wa esimbore na matawi ya miti. Akae kando, apishe, na simu ibaki mfukoni. Tohara ya wasichana imeharamishwa na sheria ya 2011, na mwaliko wa sherehe yoyote ya namna hiyo ukataliwe moja kwa moja. Na kwa picha za kawaida, ruhusa huombwa kwa mwenye boma, ambaye pia ndiye wa kupewa asante ya fedha. Noti zinazogawiwa watoto njiani huzaa tabia ambayo wazazi wao ndio hubaki nayo.

Kutoka Kisii njia ni nyingi: Oyugis hadi Kisumu, Nyamira hadi Kericho kupitia Chemosit, Kilgoris hadi upande wa magharibi wa Mara, au Rongo na Migori hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Aliyebeba mawe ya Tabaka ayafunge kwa magazeti, ayaweke katikati ya miguu yake, na amkatalie makanga anayetaka kuyarusha juu ya keria.