Ufilipino : mkono wa mzee unawekwa ku kipaji, lakini nani anamulisha mzee?

Mu nyumba nyingi za Ufilipino, mtoto mwenye kutoka ku masomo hapiti moja kwa moja kwenda kutupa mfuko wake. Anafika kwanza mbele ya tate, anainama kidogo na kusema « mano po ». Kisha anakamata mkono wa mzee na kugusisha mgongo wa ule mkono ku kipaji chake mwenyewe. Mzee naye anamubariki, mara nyingi kwa kumuombea huruma ya Mungu. Habusu ule mkono, wala haukokote kuelekea kwake : ni yeye mtoto anashusha kichwa. Ni jambo la sekunde chache tu, lakini mtoto asiyefanya hivyo wageni wanamuona kama hakulelewa.

Neno « mano » lilitoka ku Kiespanyola, maana yake mkono. Waespanyola walitawala ile inchi tangu 1565 mpaka 1898, na ndio walileta Ukatoliki, ndiyo maana salamu hii inafanana sana na baraka ya kanisa. Hata hivyo, hatuwezi kusema kila kitu kilitoka Ulaya. Mu Indonezia na Malezia, kwenye Waislamu wengi, watoto nao wanainamia mkono wa wazee karibu namna ile ile.

Wazazi, wajomba, mashangazi, na baba na mama wa ubatizo, wenye kuitwa « ninong » na « ninang », wote wanapewa mano. Siku ya Noeli watoto wanazunguka kwa ninong na ninang, wanatoa mano, na kila mutoto anangojea zawadi yake. Tena kuna kicheko kimoja Wafilipino wote wanakijua : siku ya kwanza mtu wa miaka 35 anapoombwa mano na mtoto wa jirani, ndipo anajua kama ujana unaanza kumuaga.

Heshima iko pia ndani ya maneno. Mu Kitagalog, « oo » ni ndiyo, lakini kwa mkubwa unasema « opo ». Neno dogo « po » linaingizwa mu kila sentensi, na linaweza kugeuza hata amri kuwa ombi. Tena mkubwa haambiwi « ikaw », yaani wewe. Anaambiwa « kayo », yaani ninyi. Wenye kusema Kifaransa wataelewa haraka, ni sawa vile « tu » na « vous ». Ila Wafilipino wanapanda ngazi ingine moja : mtu mmoja akipiga hodi, wa ndani anaweza kumuuliza « wao ni nani? » juu ya kumupa heshima zaidi.

Si Wafilipino wote wanasema hivyo. Inchi ina visiwa zaidi ya 7.000 na luga nyingi. Wenye kusema Kisebuano, mu visiwa vya Visayas na Mindanao, hawana « po » mu luga yao. Wakifika Manila, wengine wanawahesabu kuwa watu wa kiburi, na hiyo ni kuwaonea. Kwao heshima inasikika mu sauti na mu jina mtu anaitwa nalo.

Ku upande wa majina, hakuna kuita mkubwa jina lake kavu. Kaka mkubwa ni « kuya », dada mkubwa ni « ate ». Mu familia za zamani hesabu inaendelea : wa pili ni « diko » ao « ditse », wa tatu « sangko » ao « sanse ». Majina haya yalitoka ku Wachina wa Hokkien, wafanyabiashara wa siku nyingi mu vile visiwa. Leo hata dereva na muuzaji wa samaki wanaitwa kuya na ate. Mukongomani mwenye kufika kule ajiangalie : « yaya » kwao si mkubwa wako, ni mfanyakazi mwenye kulea watoto.

Lakini jina la kuya ao ate lina bei. Mara nyingi huyo mkubwa ndiye anaacha ndoto zake juu wadogo walipiwe masomo. Wafilipino wana neno « utang na loob », tunaweza kusema deni la moyoni. Mzazi alikuzaa, alikulea, basi deni hilo haliishi. Kufwatana na hesabu ya serkali, munamo mwaka wa 2023 Wafilipino zaidi ya milioni 2 walikuwa wakifanya kazi inchi za inje, wengi wao Arabia Saudia na Emirati. Feza wanatuma nyumbani. Na watoto wao? Mara nyingi wanabaki kwa tate. Kwa hiyo yule bibi mwenye kupewa mano kila jioni ndiye pia anaamuka saa kumi na moja asubuhi kupika.

Serkali nayo imejaribu kusaidia. Sheria ya 2010 inampa kila mwenye miaka 60 punguzo la asilimia 20 ku dawa, ku safari na mu restora, bila kulipa kodi ya TVA. Mwenye kufikisha miaka 100 anapewa pezo 100.000, na tangu sheria ya 2024 wenye miaka 80, 85, 90 na 95 wanapata 10.000. Ni vizuri. Lakini punguzo linasaidia mwenye kuwa na feza ya kununua. Kwa wazee maskini, sheria ya 2022 ilipandisha msaada toka pezo 500 mpaka 1.000 kwa mwezi, karibu dolari 17 hivi. Hakuna mzee anaishi na hiyo.

Ndiyo sababu mswada wa seneta Panfilo Lacson wa mwaka wa 2025, wenye kutaka watoto wanaoacha wazazi wao wenye shida waazibiwe, uliamusha mabishano makali. Sheria ya familia ya 1987 ilikwisha kusema kama wazazi na watoto wanapaswa kutunzana. Kipya ni azabu. Wenye kuunga mkono wanasema wazee wanatupwa. Vijana wengi wanajibu kama mshahara mmoja hautoshi kulisha nyumba mbili, tena kuna wazazi walikimbia watoto wao na wanarudi wakati wameskia mtoto amepata kazi. Yule mtoto anadaiwa nini?