MZAZI ATAIJUAJE SHULE NJEMA?

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, wazazi wengi wa Kenya, wa mashambani na wa mijini, huulizana swali moja: je, shule yetu ya msingi ni njema? Wengine hutazama majengo na mabati mapya, wengine hutazama sare za watoto. Mambo hayo yana maana yake, lakini hayamjulishi mzazi jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: je, mtoto wake anajua kusoma?

MTIHANI HUCHELEWA KUSEMA

Mtihani wa K.C.P.E. ulianza mwaka 1985, ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka hiyo yote jina la shule lilipanda au kushuka kwa alama za darasa la nane. Lakini mtoto aliyeachwa nyuma katika darasa la pili aligunduliwa na mtihani ule miaka sita baadaye, wakati ambapo ni vigumu kumsaidia. Katika mtaala mpya watoto hupimwa katika Gredi ya 6, na hata hapo ni kuchelewa. Yafaa shida ijulikane mapema.

KWA NINI WENGINE HUACHWA NYUMA

Mwaka 2003 Serikali ilifuta karo katika shule za msingi. Hesabu ya wanafunzi, ambayo mwaka 2002 haikufika milioni 6, ilipita milioni 7. Hata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004. Hiyo ilikuwa heri kubwa kwa watu maskini. Walakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri ya watoto, na katika shule nyingine mwalimu mmoja alijikuta mbele ya watoto 80 au zaidi.

Na tufanye hesabu. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Mwalimu akimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika moja tu, kipindi kitakwisha na watoto 50 hawajasikilizwa. Kwa hiyo huwasomesha wote pamoja kwa sauti moja, nao huitikia. Asiyejua huitikia pamoja na wanaojua, na hapana mtu atakayemtambua.

Tangu mwaka 2009 watu wa Uwezo wamewapima watoto majumbani kwao mara kadhaa, katika kusoma na kuhesabu. Ilionekana kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Hili si jambo dogo. Hadi darasa la tatu mtoto hujifunza kusoma. Kuanzia darasa la nne husoma ili ajifunze mengine, tena masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Asiyesoma hukosa sayansi, hukosa hesabu za maneno, hukosa kila kitu. Naye huonekana mvivu au mjinga, kumbe sivyo.

JARIBU HILI NYUMBANI

Mzazi aweza kujua ukweli kwa dakika tano, hata kama yeye mwenyewe hakusoma. Mpe mtoto kitabu chake, umwambie asome kurasa mbili. Kisha weka kidole juu ya neno lililo katikati ya mstari, umwulize ni neno gani. Mtoto ajuaye kusoma atalitaja mara moja. Aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari, aanze kuimba mpaka alifikie. Ngoja kidogo, uonyeshe neno lile lile tena. Akikupa jibu jingine, basi umejua kwamba alikuwa akikisia.

Baada ya hayo, fungua daftari lake. Je, kazi inaandikwa karibu kila siku? Je, mwalimu amesahihisha, na mtoto amerudia yale aliyokosa? Daftari lenye kurasa tupu katikati ya muhula lina habari ya kumwambia mzazi.

NINI KIFANYWE

Ukiona kasoro, usimpige mtoto, wala usimtukane mwalimu. Nenda umwone mwalimu kwa adabu, umweleze uliyoyaona. Mwalimu mwenye darasa kubwa hufurahi kupata mzazi wa kumsaidia. Mwombe akuonyeshe ukurasa wa kurudiwa nyumbani, na kila jioni mtoto asome kwa sauti mbele yako, au mbele ya ndugu yake mkubwa, kwa robo saa.

Ikiwa shida ni ya darasa zima, kama vile vitabu kupungua au walimu kukosekana, ipeleke mbele ya halmashauri ya shule. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 2013 wazazi wana wajumbe wao waliowachagua katika halmashauri hiyo. Mkutano wa wazazi si wa kusikiliza habari za michango tu. Ni mahali pa kuuliza watoto wangapi wa Gredi ya 3 wanajua kusoma.

Wala tusidhani haiwezekani. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome ulileta katika shule za serikali kitabu kimoja kwa kila mtoto, cha Kiswahili na cha Kiingereza, na maafisa wakawa wakiingia darasani kumsikiliza mtoto akisoma na kumshauri mwalimu. Usomaji ukaendelea vizuri. Kuta hazikubadilika; kilichobadilika ni kwamba mtoto alipata kitabu, na mtu wa kumsikiliza.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Basi jioni hii, kabla ya taa kuzimwa, mwite mwanao aje na kitabu chake.