King'amuzi Kipya Hupimwa Juu ya Paa

King'amuzi kipya cha dishi kikishaunganishwa na televisheni, ukurasa wa kwanza wenye maana katika menyu yake ni ule wa mistari miwili inayojaa rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Mmoja ni nguvu ya mawimbi, wa pili ni ubora. Wengi huutazama ule wa kwanza. Ukifika asilimia 70, dishi linatangazwa kuwa liko sawa, na chaneli zisipoonekana lawama zote zinahamia kwenye boksi jipya: bovu, feki, lirudishwe dukani. Sina shaka kwamba mengi ya maboksi hayo hurudi dukani yakiwa mazima.

Mstari wa nguvu haupimi satelaiti. Unapima kila kinachoingia kwa njia ya waya, na sehemu kubwa ya hicho ni mngurumo wa LNB yenyewe, kile kichwa kidogo kinachoshikiliwa na mkono mbele ya dishi. Ligeuze dishi litazame mwembe wa jirani, na mstari huo unaweza kubaki umejaa nusu. Chomoa waya, ndipo utaanguka. Kwa hiyo nguvu inajibu swali moja tu: je, waya umefika na LNB inapata umeme? Ubora ndio unaosema kama ndani ya mngurumo huo king'amuzi kimetambua data za kituo ulichokitaka. Sokoni Kariakoo kelele zinaweza kuwa kubwa kiasi chochote, zisikuthibitishie kwamba umesikia jina lako likiitwa. Kile kifaa kidogo cha mafundi chenye sindano na mlio nacho hupima kelele tu. Kinasaidia kujua kwamba dishi limegusa satelaiti fulani, ila hakikuambii ni ipi.

Na ziko nyingi. Satelaiti za televisheni zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa sababu katika kimo hicho satelaiti huzunguka sambamba na dunia na kuonekana imesimama mahali pamoja. Arthur C. Clarke aliliandika wazo la kuzitumia hivyo mwaka 1945, kabla hata satelaiti moja haijarushwa. Anayetaka kuiona njia yao angani hahitaji programu ya simu: karibu na Machi 20 na Septemba 23, jua linapopita juu ya ikweta, hufuata takriban mstari huohuo tangu macheo hadi machweo. Mnazi unaoliziba jua siku hizo utaiziba na satelaiti iliyo nyuma yake.

Tuchukue nyumba iliyoko Dar es Salaam na satelaiti za nyuzi 7 mashariki, ambako matangazo ya Azam TV yanatoka. Jiji liko kwenye longitudo ya nyuzi 39 hivi mashariki, kwa hiyo satelaiti iko upande wa magharibi, ikiwa imesogea kidogo kaskazini, na imeinuka nyuzi 52 hivi kutoka upeo wa macho. Satelaiti ya nyuzi 36 mashariki, inayobeba DStv, iko karibu utosini: nyuzi 81. Hapo ndipo jicho linapodanganyika. Madishi tuliyozoea yana LNB iliyowekwa chini, si katikati, hivyo mawimbi huingia kwa mshazari. Dishi la kutazama nyuzi 52 huonekana kama linatazama chini sana, nyuzi 28 hivi tu. Anayejaribu kulielekeza kwa macho atalipandisha mno, kisha atazunguka nalo mchana kutwa. Dira ya simu nayo isiaminiwe ukiwa umesimama juu ya mabati. Isome ukiwa uwanjani, chagua alama ya mbali, kisha panda.

Ipo na hatua moja ambayo vijitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huitaja kwa sentensi moja, nasi hatuwezi kuipita hivyo: kuzungusha LNB kwenye kishikio chake. Mawimbi ya satelaiti hutumwa kwa mikao miwili, wima na mlalo, ili masafa yaleyale yabebe mizigo miwili bila kugongana. Lakini wima na mlalo wa nani? Wa satelaiti, siyo wa paa lako. Mtu aliye karibu na ikweta akitazama satelaiti iliyo magharibi, anaiona ikiwa imelala ubavu. Kwa Dar es Salaam na nyuzi 7 mashariki, tofauti hiyo ni nyuzi 77 hivi. Nairobi ni 87, yaani karibu robo nzima ya mduara. LNB iliyoachwa wima kama ilivyotoka dukani itakusanya mkao usio wake, na king'amuzi kitaonyesha nguvu tele na ubora sifuri, au kitapata chaneli za mlalo mahali kilipoambiwa kitafute za wima. Nimewahi kuona dishi lililoelekezwa kwa usahihi kabisa likihukumiwa kwa kosa hili tu.

Ubora ukishainuka, kazi ya kukipima king'amuzi chenyewe ndipo inapoanza, na inahitaji kuelewa namna boksi la mezani linavyozungumza na kichwa cha paani. Mawimbi ya bendi ya Ku hufika yakiwa kati ya megahezi 10,700 na 12,750, masafa makubwa mno kusafiri ndani ya waya wa kawaida. LNB huyashusha kwa kuyatoa 9,750 au 10,600: kituo cha megahezi 11,000 kinashuka kwenye waya kama 1,250. Ni king'amuzi kinachoamua kipi kitolewe. Kikitaka masafa ya juu, yaani yaliyozidi 11,700, kinatuma mlio wa kilohezi 22 kwenye waya uleule. Kikitaka ya chini kinanyamaza. Kikitaka mkao wa wima kinapeleka volti 13, na wa mlalo volti 18. Mawasiliano yote ni hayo.

Kwa hiyo kuna vyumba vinne: chini wima, chini mlalo, juu wima, juu mlalo. Jaribio la maana ni kuchagua kituo kimoja katika kila chumba ambacho satelaiti yako inakitumia, na kusoma ubora wa kila kimoja. Wengi wanaridhika chaneli mia zikipatikana. Mimi ningetaka kujua zipi hazikupatikana, maana zinakaa pamoja. Zikikosekana zote za masafa ya juu huku za chini zipo, mlio wa kilohezi 22 haufiki: labda umezimwa kwenye menyu, labda aina ya LNB iliyochaguliwa si sahihi, labda swichi iliyoko njiani inaumeza. Zikikosekana zote za mlalo, tazama volti. Waya mrefu na mwembamba, au kiunganishi kilichoota kutu, huila ile 18 hadi LNB idhani ni 13. Panda na king'amuzi na kipande kifupi cha waya, jaribu pale pale kwenye dishi. Zikirudi, boksi halina kosa. Lakini mikao yote miwili ikiwa hafifu kwa pamoja, acha umeme, rudi ukaizungushe LNB.

Ukibaki na shaka, kipeleke king'amuzi kwa jirani ambaye dishi lake linafanya kazi. Kizime kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya, maana unywele mmoja wa wavu wa nje ukigusa ule msumari wa katikati, volti hizo zinaweza kuunguza njia ya umeme ya boksi kabla hujajua lina tatizo gani. Na usiendeshwe na alama zinazofanana na ubovu lakini siyo. Chaneli iliyoandikwa jina bila picha mara nyingi imefungwa na inahitaji kadi ya kampuni yake. Sauti bila picha ni dalili ya king'amuzi cha zamani kinachokutana na picha zilizobanwa kwa mfumo mpya, kama HEVC, ambao hakiuelewi. Tangu Tanzania ianze kuzima analojia mwishoni mwa 2012, tunauziwa pia ving'amuzi vya antena vinavyofanana kwa sura na vya dishi. Hivyo havina namna ya kusoma satelaiti hata ukivilazimisha.

Kukaza nati ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Dishi la sentimita 90 huona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 2 hivi, na ukingo wake ukisogea sentimita 1 limeshageuka zaidi ya nyuzi 1. Msokoto wa mwisho wa spana unatosha kuligeuza hivyo. Kaza kidogo kidogo kwa zamu huku mtu akiusoma mstari wa ubora, na usishuke mpaka kila nati imekazwa na namba haijashuka.

Asilimia zenyewe hazina kiwango cha pamoja. 70 ya kampuni hii inaweza kuwa 45 ya ile. King'amuzi kinachoonyesha desibeli, yaani kiasi ambacho mawimbi yanauzidi mngurumo, ni bora zaidi. Kituo cha mfumo wa DVB-S2 kinachopakia data kwa namna iitwayo 8PSK, na kiwango cha 2/3 cha kinga ya makosa, kinahitaji kama desibeli 6.6 ili picha isimame. Ukipata 7 utaona picha safi kabisa, na hutajua kwamba uko ukingoni: televisheni ya dijitali haififii, inakatika. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu yote, na mvua ya masika inaweza kula zaidi ya hapo kwenye bendi ya Ku. Ndiyo sababu siku ya jua kali haitoshi kuamua. Andika namba za vile vituo vinne siku ya kufunga, kisha uzisome tena mvua inaponyesha. Zikirudi zilivyokuwa baada ya mvua, dishi na king'amuzi ni vizima, na kama picha ilikatika mvuani unachohitaji ni dishi kubwa zaidi. Zikibaki chini, huenda maji yameingia kwenye kiunganishi.

Na ikitokea siku chache baada ya Machi 20, au kabla kidogo ya Septemba 23, picha za nyuzi 7 zikakatika Dar es Salaam yapata saa tisa alasiri chini ya anga jeupe, zikarudi zenyewe baada ya dakika chache, na kesho yake vivyo hivyo, usimwite fundi. Jua limepita nyuma ya satelaiti, na mngurumo wake umeifunika.