Soketi za jikoni: Ekstensheni ya bei rahisi yaweza kuwa ghali

Anayenunua birika, maikrowevu au jiko la presha la umeme katika maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hana budi kutenga pia fedha za soketi na waya. Mahitaji hayo yanatazamiwa kukua: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na umeme ni mojawapo.

Nyumba yenye soketi moja jikoni hukimbilia ekstensheni. Hapo ndipo hasara huanza. Soketi ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 230. Birika la wati 2,200, maikrowevu inayovuta wati 1,200 na jiko la presha la wati 1,000 vikiwashwa pamoja ni wati 4,400, sawa na ampea 19. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa mzigo huo. Waya ndio unaopata moto, hasa ukiwa mwembamba au umekunjwa.

Dawa yake ni kuvuta laini mpya kutoka kwenye ubao wa breka. Kwa kawaida soketi hutumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampea 20. Jiko kubwa lenye oveni hupewa laini yake, aghalabu ya milimita 6 na breka ya ampea 32. Kuweka breka kubwa bila kubadili waya ni kuondoa kinga. Waya wa ethi ni lazima, na kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja huokoa maisha. Soketi isikae juu ya jiko wala kando ya sinki.

Sokoni, mnunuzi ajihadhari na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Ni mwepesi kuliko kawaida, na ukikwaruzwa huonyesha weupe ndani. Waya huo hupata moto zaidi ya shaba ya unene uleule.

Kazi yenyewe apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aipime kabla ya kuwasha. Malipo yake ni madogo mbele ya gharama ya nyumba iliyoungua.