MMA: Namna ya kumtambua mpiganaji mwenye ufundi, hata kama ni mara yako ya kwanza kutazama

Jumamosi moja usiku, hapa Kasongo, kijana mmoja wa pikipiki alipoteza pesa yote ya siku. Hakuibiwa. Aliiweka kwa pari na rafiki yake ndani ya chumba cha video, wakati watu wawili walikuwa wanapigana kwenye televisheni, ndani ya kizimba cha waya. Mpiganaji wake alikuwa juu, amemlalia mwenzake, anampiga. Kijana akaongeza pesa. Muda mfupi nyuma, yule wa chini akashika shingo ya yule wa juu, akakaza, na yule wa juu akagonga mkono mara tatu. Ikaisha.

"Hii ni mechi ya kupangwa!" kijana akapiga kelele. Kesho yake akaja ku redio: "Yaya, ninyi wenye kusoma, mutuelezee. Mutu mwenye iko juu anashindwa namna gani?"

Kusema ukweli, siku ile sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa mpira. Lakini swali lake lilinifuata. Nikaanza kutazama mapambano mara mbili mbili, nikaenda kumwuliza mwalimu mmoja wa judo, na haya ndiyo niliyopata.

Kwanza, hii si kachi

Sisi Wakongomani tulizoea kachi. Nani hajasikia jina la Edingwe wa Kinshasa, na fetishi zake ndani ya ulingo? Kachi ni onyesho, watu wanaenda kucheka na kushangaa. MMA ni kitu kingine. Ni mchezo wenye kuchanganya ngumi, mateke, mieleka, judo na jujitsu, na kila mmoja anatafuta kushinda kweli.

Pambano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano tano. Likiwa la mkanda, mara nyingi ni raundi tano. Linaweza kuisha kwa njia tatu kubwa: mmoja anaanguka au mwamuzi anaona hawezi tena kujilinda, mmoja anagonga mkono kusema "nimekubali", ama muda unaisha na majaji watatu wanahesabu pointi. Ni marufuku kupiga kichwa kwa kichwa, kuingiza kidole jichoni, kupiga sehemu za siri au kisogo.

Na kwa nini wa chini anaweza kushinda? Jibu lilionekana tangu tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver, Marekani, siku ya mashindano ya kwanza ya UFC. Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa kilo kama 80, alishinda watu watatu usiku mmoja, na wote watatu walijisalimisha. Watu walikuwa wanangoja kuona ngumi ya nani ni nzito. Gracie akawaonyesha kwamba mtu asiyejua kupigana chini, akifika chini, nguvu zake hazimsaidii sana.

Sasa tuingie katika mambo ya kuangalia.

1. Nani anachagua mahali pa kupigania?

Pambano linaweza kuwa mahali patatu: wakiwa wamesimama mbali, wakiwa wameshikana penye waya, ama wakiwa chini. Mpiganaji mwenye ufundi anajua pale yeye ni hodari, na anampeleka mwenzake pale.

Mfano ni Marc Diakiese, aliyezaliwa Kinshasa akakulia Uingereza. Mwezi wa tatu 2017, mjini London, alimwangusha Teemu Packalén kwa ngumi moja, na segonda zilikuwa 30 tu. Watu wakamjua kama mtu wa ngumi na mbwembwe. Lakini mwaka 2022 alikutana na Viacheslav Borshchev, mtu hatari sana akiwa amesimama. Diakiese hakutafuta sifa. Alimwangusha, akamlalia, akamwangusha tena, mpaka muda ukaisha, akashinda kwa pointi. Mshabiki mpya anasema: "Leo Diakiese amechoka, hapigi." Mwenye kuelewa anasema: "Leo amemnyima mwenzake mahali pa kufanyia kazi."

2. Usihesabu ngumi, angalia zenye kuingia

Ngumi zenye kupiga mikono ya kujikinga ni kelele tu. Angalia kichwa cha anayepigwa: kinarudi nyuma? Miguu inatetemeka? Anaacha kusonga mbele? Hapo ngumi imeingia. Angalia pia miguu ya anayepiga. Fundi akipiga, bado anasimama imara, mkono unarudi haraka kulinda uso. Asiye fundi anarusha mkono kama mtu anayetupa jiwe, mwili wote unaufuata, na anabaki wazi.

Na teke la mguuni, usilidharau. Halina kelele, lakini likirudiwa mara kumi, raundi ya tatu utaona mtu anachechemea.

3. Kuwa juu si kushinda

Hapa ndipo kijana wa pikipiki alipoteza pesa. Wakiwa chini, usiangalie nani yuko juu. Angalia miguu ya wa chini iko wapi. Ikiwa miguu yake imezunguka kiuno cha wa juu, bado ana silaha: anaweza kukaba shingo, kukunja mkono, ama kusukuma na kusimama. Lakini wa juu akishavuka ile miguu, akakaa juu ya kifua au akashika mgongo, hapo hatari ni kubwa kwa wa chini.

Angalia pia shingo. Mtu akiinama kwenda kushika miguu ya mwenzake huku kichwa kimebaki nje pembeni, shingo yake iko sokoni. Dalcha Lungiambula, mwana wa Kongo, mwanajudo aliyejenga jina Afrika Kusini na kubeba mkanda wa EFC kabla ya kuingia UFC, ni mtu wa nguvu kubwa. Mwezi wa tatu 2022, Cody Brundage alimkaba shingo kutoka mbele, na raundi ya kwanza haikuisha. Kama ilimpata mwanajudo wa kiwango kile, usishangae ikimpata yule wa pari yako.

4. Pumzi, na mafunzo ya Ngannou

Wengi wetu tunamjua Francis Ngannou wa Kamerun. Alipokuwa mtoto, kijijini Batié, alifanya kazi ya kuchimba mchanga. Ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu kule Salamabila wanajua uzito wa ile kazi. Nguvu alikuwa nayo tangu zamani. Lakini tazama mapambano yake matatu, utaona tofauti ya nguvu na ufundi.

Tarehe 20 Januari 2018, alipigana na Stipe Miocic kwa mkanda wa uzito wa juu. Raundi ya kwanza alitafuta kummaliza haraka. Hakufaulu. Baadaye pumzi zikaisha, Miocic akamwangusha mara kwa mara. Majaji wote watatu waliandika 50 kwa 44.

Machi 2021 walikutana tena. Safari hii Ngannou hakukimbilia. Miocic alipojaribu kumshika miguu, Ngannou alirusha miguu nyuma, akamlemea kwa uzito, akamzuia. Raundi ya pili akamaliza kazi kwa ngumi.

Januari 2022, mbele ya Mfaransa Ciryl Gane, goti la Ngannou lilikuwa na shida. Raundi mbili za kwanza Gane alimzidi kwa miguu myepesi. Ngannou akabadilisha mpango: yeye mtu wa ngumi akaanza kuangusha kama mtu wa mieleka. Raundi ya tano, Gane mwenyewe alikuwa juu, lakini akaacha nafasi hiyo ili kutafuta kukunja mguu wa Ngannou. Akaikosa, Ngannou akapanda juu, akabaki na mkanda.

Kwa miaka ile minne ngumi yake haikuwa imeongezeka uzito. Mtu ndiye alikuwa amejifunza. Kwa hiyo ukitaka kupima mpiganaji, usitazame pambano moja. Tazama lile aliloshindwa, kisha lile lililofuata. Je, kosa lile lile limerudi?

5. Namna majaji wanahesabu

Watu wengi wanagombana juu ya pointi bila kujua hesabu. Kila raundi, mshindi anapata 10, mwenzake mara nyingi 9. Akizidiwa sana, 8. Sasa rudi kwenye ile 50 kwa 44: Miocic alipata 10 mara tano. Ngannou alipata 9 mara nne, ni 36, pamoja na 8 moja, inakuwa 44. Maana yake alipoteza raundi zote, na moja alipoteza vibaya.

Majaji wanaangalia kwanza madhara: mapigo yaliyoumiza na kazi ya chini iliyoleta hatari ya kweli. Wakiona hayo yamelingana, ndipo wanaangalia nani alisonga mbele kutafuta ushindi. Hayo nayo yakilingana, ndipo nani alitawala uwanja. Kumwangusha mtu na kumlalia bila kumfanya chochote hakulipi sana. Na kumbuka, raundi zinahesabiwa moja moja. Mtu anaweza kushinda raundi mbili kwa kidogo, akapoteza ya tatu waziwazi, na bado akashinda 29 kwa 28. Si wizi, ni hesabu.

6. Rekodi: ameshinda nani?

"Huyu iko na ushindi kumi na tano, hajashindwa hata mara moja!" Sawa, lakini alipigana na nani? Kuna wanaojengewa jina kwa kupewa watu dhaifu. Mwenye kushindwa mara tatu mbele ya mabingwa anaweza kuwa bora kuliko yeye. Uliza pia alishinda namna gani: kila mara kwa njia moja, ama anajua njia nyingi?

Kwa nini tunaandika haya

Sababu ya kwanza ni pesa. Vyumba vya video na telefone zimeleta pari mpaka kwenye avenue zetu, na pesa inayowekwa mara nyingi ni ya chakula, ama ya mwenye pikipiki. Hata ukielewa yote tuliyoandika, bado katika MMA kosa la segonda moja linageuza kila kitu. Hatuwafundishi namna ya kushinda pari. Ni afadhali utazame bure.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Nikiwa Kabambare kwa ripoti nyingine, nilikuta watoto wanacheza MMA kiwanjani. Mmoja alikuwa amekabwa shingo, mikono imeshalegea, na wenzake wanacheka, wanadhani anaigiza. Nilikimbia, nikamwachisha yule mwenye kukaba. Mtoto akarudi kwa akili polepole, hakujua alikuwa wapi. Wazazi, mjue: shingo ikikabwa vizuri, damu haifiki kichwani, na mtu anaweza kuzimia kwa muda wa segonda kama kumi. Kwenye televisheni kuna mwamuzi karibu na daktari nje ya waya. Kiwanjani hakuna. Kijana mwenye hamu ya kweli aanze kwa mwalimu wa judo au wa ngumi. Kwenye judo, somo la kwanza atakalopata ni namna ya kuanguka, na namna ya kumwachia mwenzake mara tu anapogonga mkono.

Mara nyingine ukiketi kutazama, jaribu hivi: mwombe mwenye chumba apunguze sauti, juu kelele za mtangazaji zinadanganya. Raundi ya kwanza angalia miguu tu. Ya pili, angalia nani anavuta pumzi kwa mdomo wazi. Ya tatu, andika pointi zako kwenye karatasi kabla majaji hawajasema.

Kijana wetu wa pikipiki ameanza kufanya hivyo. Juzi alinionyesha karatasi yake: alikosea raundi moja tu. Nilimwuliza kama aliweka pesa. Akatazama pembeni, akasema, "Yaya, kidogo tu." Kazi bado iko.